Kuongoza kikundi cha sayansi ya anga za juu katika maabara ya taifa: muda wa kiongozi uende wapi?

Muulizaji

Ndugu zangu, salaam. Nimekuwa mtafiti wa vitambuzi vya chembe kwa miaka tisa katika maabara moja ya taifa hapa Marekani, na sasa nimeombwa kuongoza kikundi chetu, chenye wanafizikia, wahandisi na mafundi ambao mishahara yao hutoka katika miradi tofauti. Mradi wetu mkubwa unamalizika mwakani, unaofuata haujapitishwa, na wakuu wangu wanataka muda wangu wote uende kwenye maandiko ya kuomba fedha. Waliowahi kushika nafasi kama hii waligawaje muda kati ya fedha, watu na utafiti wao wenyewe?

Jibu la 1

Hongera, ndugu yangu. Nimeongoza kikundi cha aina hiyo, na nakusihi uanze na mafundi. Fedha zikikatika kwa miezi sita, mwanafizikia anaweza kujishikiza kwenye uchambuzi wa data za zamani. Lakini akiondoka fundi anayejua kuunganisha kitambuzi kitakachostahimili mtikisiko wa roketi, ameondoka na mambo ambayo hakuna aliyeyaandika popote.

Itazame Los Alamos, mojawapo ya maabara za taifa za Marekani. Setilaiti za kwanza za Vela zilirushwa Oktoba 1963 ili kulinda mkataba wa kuzuia majaribio ya nyuklia, na maabara hiyo ilitengeneza vitambuzi vyake vya eksirei, miali ya gama na nyutroni (chembe zisizo na chaji za kiini cha atomu). Utaalamu wa kuhesabu nyutroni ulikuja kutumika katika chombo cha Lunar Prospector, kilichorushwa mwaka 1998 na kuonyesha wingi wa haidrojeni kwenye ncha za Mwezi, kisha katika Mars Odyssey, iliyorushwa mwaka 2001. Miaka 35 ni mingi. Ujuzi hauvuki muda huo wenyewe. Unavushwa na viongozi wanaojua, miezi kadhaa kabla, ni mkataba wa nani unaokaribia kwisha na ni mradi gani mdogo unaoweza kumshika.

Muulizaji

Nashukuru sana. Tuna mafundi wawili tu wa aina hiyo, na mmoja wao fedha zake zinakwisha Machi. Je, na utafiti wangu mwenyewe niuache?

Jibu la 2

Usiuache, maana kiongozi asiyegusa data huacha pia kuwatetea wanaozigusa. Mfano uko palepale kwenye Vela. Machi 1969, Ray Klebesadel na Roy Olson, watafiti wa Los Alamos, walipokuwa wakipitia kumbukumbu za setilaiti hizo walikuta mmweko wa miali ya gama wa tarehe 2 Julai 1967 ambao haukufanana na mlipuko wa bomu. Hawakukimbilia kutangaza. Walisubiri setilaiti mpya zilizopima muda kwa usahihi zaidi, wakalinganisha nyakati ambazo mmweko ulifika kwenye kila setilaiti, na hivyo wakaweza kuliondoa Jua na Dunia katika orodha ya vyanzo. Mwaka 1973, pamoja na Ian Strong, walichapisha matukio 16 ya aina hiyo. Hiyo ni kazi ya miaka minne ambayo hakuna mfadhili wa ulinzi aliyeiagiza, na kwangu mimi kuilinda subira ya namna hiyo ni wajibu wa kiongozi kama ulivyo wajibu wa bajeti. Tenga siku moja kwa wiki, na isiwekewe kikao.

Jibu la 3

Naongeza jambo la washirika, kwa sababu andiko zuri huanzia hapo. Katika ChemCam, kifaa cha leza kilichotua Mars na gari la utafiti la Curiosity mwaka 2012, Wafaransa walitengeneza leza na darubini ya juu ya mlingoti, nayo Los Alamos ikatengeneza spektromita, yaani vifaa vya kuchanganua mwanga, zilizo ndani ya mwili wa gari. Kila upande ulibeba gharama za sehemu yake, na ushirikiano huohuo ukaendelea hadi SuperCam, kifaa cha gari lililofuata la Perseverance. Kuhusu fundi wako wa Machi, waulize washirika ulio nao sasa kama wana kifaa kinachohitaji kujaribiwa au kurekebishwa. Kazi ya miezi minne ingetosha kumfikisha mradi mpya utakapoamuliwa. Waandikie wiki hii, kabla hujarudi kwenye andiko.