Tupeane uzoefu: kuomba masta ya uhandisi au kompyuta nje, ulikwama wapi?

Mwanzisha mada
Wakuu, salaam. Nina shahada ya kwanza ya uhandisi wa kompyuta. Mwaka jana niliomba vyuo sita vya nje, vyote vikanitosa, viwili bila hata sababu. Orodha za vyuo bora zimejaa tele, sizitaki. Nataka aliyewahi kuomba aseme alikwama wapi na alijinasuaje. Naanza mimi: barua ya kueleza nia ilikuwa ileile kwa vyuo vyote sita, na kwenye mojawapo nikasahau kubadili jina la chuo. Chekeni tu.

#2
Hilo la jina la chuo tumelifanya wengi, mkuu. Mimi nilikwama Ujerumani, tena si kwa alama. Kule GPA yako wanaigeuza kwa fomula ya Bavaria: alama ya juu kabisa ya kipimo chenu toa yako, gawanya kwa tofauti ya alama ya juu na ile ya chini ya kufaulu, zidisha kwa 3, ongeza 1. Nilikuwa na 3.8 kwenye kipimo cha 5, ufaulu ukianzia 2. Ikatoka 2.2. Usishtuke, kwao 1 ndiyo kinara na 4 ndiyo ya kuponea.

Nikajiona nimeshaingia. Kumbe wanahesabu na masomo yenyewe: hisabati krediti kadhaa za ECTS (kipimo cha Ulaya cha uzito wa masomo), nadharia ya kompyuta kadhaa, uandishi wa programu kadhaa. Mwaka mzima wa masomo ni krediti 60, na kila chuo kina mgawanyo wake. Transkripti yangu ilisema "Kompyuta III". Nani angejua kwamba humo ndani kuna algoriti?

Mwaka uliofuata nikakaa na silabasi, nikaandika maelezo ya kila somo: mada, saa za darasani, saa za kujisomea, aina ya mtihani. Idara ikagonga mhuri. Programu ileile iliyonikataa ikanichukua, GPA ikiwa ileile.

#3
Mimi Uswidi. Maombi yote yanapita mlango mmoja, ada ya maombi krona 900, na kwa masomo ya vuli dirisha hufungwa katikati ya Januari. Unachagua hadi programu nne na kuzipanga kwa kipaumbele. Ukipata ya kwanza, zilizo chini yake zinafutwa. Sikulisoma hilo. Juu nikaweka programu niliyodhani ni rahisi kuipata, niliyoitaka kwa moyo nikaiweka ya pili "kwa usalama". Nikapata ya kwanza. Nimeshahitimu, na bado inaniuma.

#4
Barua za mapendekezo, jamani! Mfumo ulimtumia mwalimu wangu kiungo, kikaangukia kwenye barua taka, yeye akijua mimi ndiye sijaomba, mimi nikijua ameshatuma. Siku hizi nawaambia wadogo zangu: muombe mwezi mmoja na nusu kabla, umpe muhtasari wa mradi wako wa mwisho, kisha mpigie kumuuliza kama kiungo kimefika. Kumsumbua mwalimu si utovu wa adabu, ukimsumbua kwa heshima.

#5
Wanaoitazama Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, hesabuni saa za uzoefu wa kazi kwanza. Wanataka 2,800, sawa na miaka miwili hivi. Mimi nilihangaika na insha wiki tatu ndipo nikajumlisha mikataba yangu midogo midogo. Haikufika hata nusu. Na ukimaliza, unatakiwa urudi nyumbani walau miaka miwili.

Mwanzisha mada
#2, na pesa ulipata wapi? Nasikia Ujerumani ni bure.

#2
Ada, vyuo vingi vya umma havitozi. Ila jimbo la Baden-Württemberg wanawatoza wasio wa Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula, na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich (TUM) nacho kimeanza kutoza. Kigingi chenyewe ni viza: akaunti iliyozuiwa yenye euro 11,904 za mwaka mmoja, unachota 992 kwa mwezi. Hazipotei, ni zako, lakini lazima ziwepo kwanza. Mimi nilichangiwa na ukoo mzima, na deni la shangazi bado nalilipa.

Mwanzisha mada
Nimeifungua transkripti yangu sasa hivi. Kuna somo linaitwa "Mada Maalumu", nilipata A. Hata mimi sikumbuki tulifundishwa nini humo.