Kushusha shehena bila ndege kutua: njia ipi inafaa?

Nanga: Wakuu, nalinganisha njia za kudondosha mizigo kutoka ndege za kijeshi za mizigo kama C-130 na C-17. Kikosi kimezingirwa, kinahitaji maji, risasi na dawa. Mngechagua ipi?

Mzee wa Rampu: Mafurushi yenye miavuli yanayotoka kwa uzito wake, mkuu. Kila moja hufika kilo 1,000 hivi, na chini yake huwekwa tabaka za karatasi ngumu zipondeke badala ya mzigo. Rubani anainua pua nyuzi kama 7, winchi inavuta kisu, kisu kinakata mkanda wa nailoni uliozuia mafurushi, nayo yanateremka kwenye rola mpaka nje. C-130 fupi hubeba 16, ile ndefu 24, C-17 hubeba 40.

Tai45: Sawa, ila gari au mzinga huwezi kuushusha hivyo. Hapo unahitaji mwavuli wa kuvuta. Unafunguka nyuma ya ndege, na kufuli za reli zinashikilia jukwaa lililofungiwa mzigo mpaka mvuto uzidi kiwango kilichopangwa, kisha tani kadhaa zinatoka kwa sekunde chache. Kazi iko hapo. Mzigo ukienda nyuma, kitovu cha uzito kinahama nao na pua inapanda, rubani lazima aidhibiti. Ukikwama kwenye rampu, yaani mlango wa nyuma unaoshuka, mwavuli ukiwa wazi, ndege nzima iko hatarini. Kufuli zikaguliwe moja moja kabla ya kuruka, hilo halina mjadala.

Kipepeo: Mmemsahau adui. Mafurushi ya kawaida hudondoshwa ndege ikiwa chini, ndani ya masafa ya bunduki. JPADS, mfumo wa kijeshi wa Marekani wa kudondosha mizigo kwa usahihi, uliotumika vitani Afghanistan kuanzia 2006, huongoza mwavuli kwa GPS, hivyo ndege inabaki juu sana. Ni ghali, na vifaa vyake inabidi vikusanywe virudi. Kwa dawa chache ningelipa gharama hiyo.

Nanga: Na raia wenye njaa je?

Mzee wa Rampu: Nafaka hata mwavuli haihitaji. Sudan Kusini, WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, ilidondosha magunia kutoka ndege ya mizigo Il-76, gunia ndani ya gunia ili nafaka isimwagike. Lakini kuna watu chini wanaosafisha uwanja kwanza. Gaza, Machi 2024, mizigo iliripotiwa kuua watu waliokuwa wakiisubiri. Kama hakuna wa kuwaondoa watu uwanjani, mimi singefungua rampu.