Chumba cha chini kinavujisha maji ukutani, nimpe fundi kazi au nisubiri?

Mkazi_Bugarika: Wakuu, habari za humu. Nyumba yangu iko Mwanza, mlimani. Tulichonga mlima tukapata chumba cha chini, ukuta wa nyuma umefukiwa udongo karibu na linta. Mvua zikianza unalowa kuanzia chini, plasta inavimba na kutoa unga mweupe, magodoro yananuka uvundo. Fundi anataka kubandua plasta, apige nyingine yenye dawa ya kuzuia maji, amalizie na rangi ya mafuta. Ushauri tafadhali.

Nondo_12: Usimpe, mkuu. Huo unga ni chumvi: maji yanaibeba kutoka kwenye udongo na tofali, yakikauka inabaki juu ya plasta. Rangi ya mafuta itatoa malengelenge tu. Maji ya paa yanaangukia wapi?

Mkazi_Bugarika: Nyuma, upande wa mlima. Gata sijafunga.

Nondo_12: Basi ndiyo hiyo! Piga hesabu: paa la mita za mraba 50 likipata mvua ya milimita 20 ni lita 1,000, zote mgongoni mwa ukuta. Funga gata kwanza, peleka maji kwenye simtanki. Kiangazi kikifika fukua nyuma kipande kwa kipande (ukifukua kote kwa mpigo mlima utakushukia), paka lami ukuta kwa nje, ulaze bomba la inchi 4 lenye matundu chini kidogo ya usawa wa sakafu, lakini usichimbe kushuka chini ya kitako cha msingi. Lizungushie kokoto na kitambaa cha kuchujia, la sivyo tope litaliziba. Mdomo wake utokee mtaroni, sio kwa jirani. Kesi za maji hizi tunazijua.

Mama_Nyegezi: Mwanangu, kabla ya kufukua, bandika nailoni ukutani, uizibe pembe zote kwa selotepu, uiache siku mbili. Maji yakiwa nyuma ya nailoni, yanatoka ukutani. Yakiwa juu yake, ni mvuke wa humo ndani, na dawa yake ni madirisha. Magodoro yatoe leo, hasa kama kuna mwenye pumu.

Bwashee_Ohio: Ila madirisha nayo yana wakati wake. Huku Columbus, Marekani, watu wanafungua besimenti (chumba cha chini) majira ya joto wakidhani wanaikausha, kumbe hewa ya moto ikigusa ukuta wa baridi inageuka maji. Wengi tunawasha mashine ya kukausha hewa.

Mkazi_Bugarika: Nailoni nimetoa sasa hivi. Nyuma imelowa chapachapa, juu kavu. Na plasta ya ndani?

Nondo_12: Bandua hiyo iliyooza, ukuta upumue hadi ukauke kabisa. Plasta ni ya mwisho.