Nimeitwa kwenye kipindi cha maisha halisi: niweke sahihi au niache?

BintiKisauni: Assalaam aleikum wanajamvi. Mie ni mpambaji wa maharusi hapa Mombasa, na wikendi nashika maiki kwenye sherehe. Video zangu za TikTok zimeonekana na kampuni moja ya Nairobi, sasa wanitaka kwenye kipindi cha wanawake sita, kamera ziwafuate kazini na nyumbani. Pesa si mbaya. Mamangu hataki hata kusikia. Asema nitaonyeshwa nikigombana na watu, na baada ya hapo nani atanipa bintiye nimpambe? Wateja wangu wengi ni familia za Mji wa Kale, wote wajuana. Mkataba ni kurasa 14 na jibu lataka kufika Ijumaa. Umaarufu haunisumbui. Nataka kujua wanawake waliotangulia waliishia wapi kikazi kipindi kilipokwisha.

Mwanatudor: Huddah Monroe aliiwakilisha Kenya Big Brother Africa, lile shindano la watu kufungiwa nyumba moja yenye kamera, mwaka 2013 na akatolewa wiki ya kwanza. Jina likabaki, akalitumia kuuza vipodozi. Vera Sidika alipitia Nairobi Diaries ya K24, na 2023 akawa kwenye The Real Housewives of Nairobi ya Showmax. Kwenye uimbaji, Ruth Matete alishinda Tusker Project Fame 2012, kisha akaegemea nyimbo za injili. Na kule Uingereza, Alison Hammond alitolewa wa pili Big Brother ya 2002, lakini tangu 2023 ni mtangazaji wa The Great British Bake Off, shindano la kuoka. Huddah na Alison hawakushinda kitu mle ndani. Wewe tayari una kazi mkononi, na hilo ndilo linalonipa moyo.

MezaYaUhariri: Nimefanya kazi ya kuhariri vipindi hivi, kwa hiyo mamako namwelewa. Mtu hukunja uso kwa sababu ya jua, ule uso ukachukuliwa na kubandikwa baada ya maneno ya mwenzake yaliyosemwa siku nyingine kabisa. Mtazamaji aona chuki. Kisha kuna kile kinasa sauti cha kiunoni: watu hukisahau, wakaenda pembeni kumsengenya mtu, na yote yakaingia. Kama utakwenda, wape kazi yako waipige picha: unavyochanganya piko, unavyochora mkono. Ugomvi wasipoupata kwako watautafuta kwa mwengine.

MamaLikoni: Mwanangu, mie nasema na wewe kama mzazi. Siku ya kupamba, wanawake wavua mabuibui, nywele wazi, na mlangoni simu zakusanywa. Wewe huingizwa ndani kwa kuaminiwa. Kamera ikipita ule mlango mara moja tu, hata kwa bahati mbaya, hakuna nyumba itakayokuita tena, kuanzia Kibokoni hadi Majengo. Kipindi chenyewe sikukatazi. Lakini hilo liandikwe, lisibaki la mdomo.

WakiliPwani: Liandikwe, naam. Na utafute vifungu hivi: picha na sauti yako watazitumia kwa muda gani na wapi, kama umezuiwa kutokea vipindi vingine au kutangaza bidhaa, na kwa miezi mingapi, ukijitoa katikati wakudai nini, malipo yaja lini. Kile cha kuzuiwa ndicho huwakamata wengi: kipindi kimekwisha, umaarufu uko juu, kampuni ya mafuta ya nywele yakutaka, nawe huruhusiwi. Waombe waweke wazi kwamba biashara yako ya upambaji na ukurasa wako wa TikTok haviguswi. Hiyo Ijumaa ni haraka yao. Omba wiki moja zaidi.

Mwanatudor: Nimesahau moja. Ukipenda kamera lakini si ya kufuatwa nyumbani, kuna tamthilia. Kampuni ya Lulu Hassan na Rashid Abdalla ndiyo iliyotengeneza Maria na Sultana za Citizen TV, na lafudhi ya Pwani pale ni mali.

BintiKisauni: Ahsanteni sana, mama Likoni hasa. Nimewaandikia. Nyumba ya mamangu wamekubali isirekodiwe. Kuhusu sherehe za wanawake wamejibu kwamba "tutajadiliana". Hilo mie silijadili, nimewaambia wakilikataa basi. Wiki ya ziada wamenipa. Wakili, naweza kukutumia zile kurasa?

WakiliPwani: Tuma inboksi. Anza na ukurasa wa malipo.