Jina lililoshinda kwa kura za utani: liheshimiwe au litupwe?

Mdadisi:
Ndugu zangu, naomba maoni yenu. Mwaka 2016, baraza la utafiti wa mazingira la Uingereza liliwaalika watu wapendekeze mtandaoni jina la meli mpya ya utafiti wa ncha za dunia, yenye thamani ya pauni milioni 200 hivi. Jina la utani mtupu, Boaty McBoatface, lilipata kura zaidi ya 124,000 na kuyaacha mbali mengine yote, lakini meli ikaitwa Sir David Attenborough, kwa heshima ya mtangazaji wa vipindi vya viumbe. Je, wapiga kura hao walidhulumiwa, au waliyataka wenyewe?

Nahodha:
Walidhulumiwa. Ukiwaita watu wachague, kisha ukachagua mwenyewe, hukuwa na haja ya kuwasumbua. Nakubali kwamba hawakutoka mikono mitupu, kwa kuwa jina lao lilipewa nyambizi ndogo isiyo na rubani, ambayo mwaka 2017 ilipima maji ya vilindi karibu na Antaktika. Slovakia ilikuwa mbaya zaidi: mwaka 2012 wengi walitaka daraja la baiskeli karibu na Bratislava liitwe Chuck Norris, madiwani wakaliita Daraja la Uhuru.

Mama Hekima:
Kaka Nahodha, kuhusu daraja nakupinga. Linavuka mto Morava kuelekea Austria, mahali ambapo, enzi za utawala wa kikomunisti, watu waliuawa wakijaribu kutoroka. Jina la mwigizaji wa filamu za mapigano lingekaaje pale? Mtu aliye peke yake mbele ya kompyuta, asiyejulikana wala kuulizwa, huchagua kinachomchekesha dakika ile. Hawadharau wafu, ila hakuwakumbuka. Wanaoitisha kura watangaze mapema kwamba wanaomba mapendekezo tu.

Msomaji:
Wapo waliokubali matokeo wakafaidika. Mwaka 2007 Greenpeace, shirika la kutetea mazingira, iliitisha kura ya kumpa jina nyangumi mmoja, katika kampeni ya kupinga uwindaji, na majina yote yenye maana nzito yakashindwa vibaya na Mister Splashy Pants. Shirika lililichukua jina hilo likalitumia waziwazi, na Desemba mwaka huohuo Japani ikaahirisha mpango wa kuwinda nyangumi wa aina hiyo. Sisemi kwamba jina ndilo lililoizuia Japani, kwani mataifa mengine nayo yalikuwa yakiishinikiza. Nasema kwamba watu waliokuja kucheka walibaki wakifuatilia habari za yule nyangumi.