Tupeane uzoefu: kutoka korali ya Lubumbashi hadi chuo cha muziki Kinshasa

Wapendwa, mdogo wangu anapiga kinanda kanisani kwetu Katuba. Diploma ya Serikali amepata, sasa anataka kusoma muziki INA (Institut National des Arts, chuo cha sanaa), Kinshasa. Papa anasema muziki si kazi. Mliopitia huko, au chuo cha namna hiyo popote, tuambieni ukweli.

Soprano wa Kampemba
Mimi nimesoma Kin (Kinshasa). Sauti haikunisumbua, kilichonisumbua ni do. Kwenye korali yetu ya Kimethodisti tumekulia karatasi za d, r, m (herufi za do, re, mi badala ya nota), na do yetu inahama: wimbo ukiwa katika sol, hiyo sol ndiyo tunaiita do. Kule do haibanduki mahali pake. Mwalimu anakuwekea nota kwenye mistari mitano, unasoma huku mkono unapiga mapigo. Mdomo wangu unaimba do, kinanda kinajibu sol. Mpaka leo nikichoka narudi kwa d-r-m. Aanze sasa hivi kusoma nota, ufunguo wa sol na wa fa, kila siku kidogo.

Besi Kamalondo
Darasani Kifaransa, ukitoka nje Lingala. Na msihesabu minervali (ada ya masomo) peke yake! Kuna tiketi ya ndege, kisha mwenye nyumba anadai garanti ya miezi kadhaa hata godoro hujaingiza.

Mama wa Ruashi
Wangu yuko Brussels, Conservatoire royal, ile ya tangu 1832. Wanangu, angalieni mnapoandikisha: siku hizi ni shule mbili, ya Kifaransa na ya Kiholanzi. Barua ikienda upande usio wako, mwaka umepotea.

Mtoto wa Kenya (commune, si nchi)
Mimi sikubaliani nanyi. Orkesta ya kanisa la Wakimbangu pale Kin ilianza 1994, na Armand Diangienda aliyeianzisha alikuwa rubani. Violini hazikutosha, watu wakapokezana. Chuo gani kiliwafundisha? Kijana apige kwanza hapa hapa.

Soprano wa Kampemba
Kweli, ila wale walijifunza kusoma nota, ndugu yangu. Bila hivyo watu wote wale wangepigaje Beethoven pamoja?

Mwenye mada
Aksanti sana. Yaya Soprano, kama bado una vitabu vyako vya solfeji (vya kusoma nota kwa kuimba), nitapita Kampemba Jumamosi nivipige fotokopi. Papa naye amesoma yote. Ameuliza hiyo garanti ni miezi mingapi.