Tupeane uzoefu: mianzi ya uani unaikata vipi bila kuiharibu?

Mwenye uzi
Wakuu habari za jioni. Nina kichaka cha mianzi ile ya njano yenye mistari ya kijani, nilipanda 2017 huku Mbezi upande wa barabarani ili vumbi na macho ya wapita njia visiingie uani, na kwa kweli ilinisaidia sana. Mwaka juzi ilipokuwa inakaribia waya za umeme nikamwita kijana mwenye panga nikamwambia aishushe yote iwe usawa wa ukuta, nikijua itachipua pale juu na kurefuka tena kama michongoma. Haikurefuka. Kila mwanzi uliokatwa umebaki na urefu uleule mpaka leo, umetoa vitawi vimebanana pale kileleni kama fagio, chini patupu. Niliumia jamani, miaka yote ile ya kumwagilia.

Baadae ndo nikaelewa kwamba mwanzi ni jamii ya nyasi, unatoka ardhini tayari na unene wake wote, unafika urefu wake wa mwisho ndani ya miezi michache afu basi, hauongezeki tena. Ukiukata kichwa ndo imetoka hiyo, kinachokuja kurefuka ni chipukizi jipya kutoka chini. Kwahiyo sasa hivi nakata shina zima kutokea chini, na nakata mizee tu, ila bado nababaika kujua upi mzee upi kijana. Wenye mianzi nyumbani tuambizane, mlikosea wapi mkajifunza nini.

Mtu wa Njombe
Pole sana mkuu. Mi nimekulia kwenye mianzi ya ulanzi, ile pombe ya utomvu wa mwanzi, na hilo la kukata kichwa kwetu mtoto anajua mapema, maana ulanzi unagemwa kwa kukata ncha ya chipukizi changa msimu wa mvua, unatega chombo cha mwanzi, asubuhi na jioni unakwangua tena kidogo, na chipukizi lililogemwa halifiki tena urefu wa wenzake. Ndo maana baba mkubwa alikuwa anachagua machipukizi kadhaa kila kichaka anayaacha bila kuyagusa yawe mianzi ya baadae. Ukigema yote umeua kichaka mwenyewe.

Kuhusu umri angalia ngozi. Wa mwaka huu una maganda bado yameshikilia chini na kijiunga cheupe ukipitisha kidole, rangi inang'aa. Kuanzia miaka mitatu minne unakuwa umefifia, una mabaka ya ukungu mkavu na mara nyingi upo katikati ya kichaka, ukiugonga kwa mgongo wa panga unalia kwa ukali, mchanga unalia kizito. Hiyo mizee ndo ya kutoa, kiangazi, na usizidishe theluthi moja ya kichaka kwa mwaka. Midogo ya pembeni hata kama inakukera iache, ndo inayolisha machipukizi yajayo.

Mama wawili
Naongezea la visiki maana hili lilinipata. Fundi alinikatia mianzi katikati ya pingili, ikabaki vikombe vinatazama juu, mvua ikanyesha maji yakajaa humo na mi sina habari. Ilikuwa 2019 ule mwaka wa dengi hapa Dar, nyumbani tukaugua wawili. Siwezi kuapa kwamba mbu walitoka pale ila siku nilipochungulia nilikuta viluwiluwi vinacheza kwenye kila kisiki. Sasa nasimamia mwenyewe, msumeno unapita juu kidogo tu ya kifundo, pale ambapo ndani kumeziba, maji hayapati pa kukaa. Vile visiki vya zamani nilivijaza mchanga. Tafadhalini msilipuuze hili hasa wenye watoto.

Jirani wa Limuru
Nyinyi mna bahati, yenu ni ya kichaka. Mimi niliuziwa ile inayotembea na muuzaji wa miche hakunieleza tofauti, wala mimi sikujua kuna kuuliza. Miaka miwili ya kwanza ilitulia kabisa, wa tatu ikatokea kwa jirani katikati ya sukuma wiki zake, karibu mita nne kutoka ukutani, na kwangu ikainua kabro za parking. Huyo jirani ni mzee ninayemheshimu sana, kwenda kumwomba msamaha ilinikosesha usingizi.

Tulichimba mtaro wa futi mbili na zaidi tukauzungushia plastiki nzito, ukingo ukabaki juu ya udongo kama inchi mbili ili mzizi ukitaka kuruka tuuone. Na si kwamba kazi imeisha, kila mwaka nazunguka na jembe nakata inayotafuta njia. Upande wa mzee kila chipukizi likitokea analivunja likiwa laini, na inaendelea kupungua. Ukinunua mche uliza kwanza: ni ya kichaka au inatambaa? Kama muuzaji hajui, rudi nyumbani na pesa yako.

Bint Arusha
Vaeni glavu na mikono mirefu. Yale maganda ya chipukizi yana vinyweleo vinawasha vibaya, mi nilishika kwa mikono mitupu nikakesha najikuna. Afu majani yanayodondoka msifagie yote, yaacheni chini yanatunza unyevu na yakioza yanarudi kuwa chakula, nami naongeza samadi iliyooza mwanzoni mwa mvua, basi. Halafu nakata vitawi vya chini mpaka usawa wa kiuno, hewa inapita na unaona mpaka chini. Mama yangu alikuwa anagomba kila siku kwamba mianzi inaleta nyoka, tangu paonekane hivyo ametulia.

Mgeni jamvini
Mi ninayo ile ya kwenye glasi ya maji ofisini, ncha zimekuwa za njano. Nayo naikata hivyohivyo?

Bint Arusha
Hiyo sio mwanzi ndugu yangu, ni dracena, jina tu ndo la mwanzi. Hiyo kata ncha haina shida, itatoa tawi. Badilisha maji kila wiki na itoe kwenye jua kali.

Mwenye uzi
Asanteni mno, nimesoma yote mara mbili. Leo asubuhi nimeenda na msumeno nimetoa sita mizee kutoka katikati, nimekata juu ya kifundo kama mama alivyosema, zile fagio nyingine nitazitoa kidogo kidogo kadiri mapya yanavyopanda. Dada wa Arusha, huku nyuma nina sehemu wazi, naweza kupanda kwa vipande vya hii hii?

Bint Arusha
Hiyo ya njano inashika vizuri. Chukua shina la miaka miwili hivi, kata kipande chenye vifundo viwili vyenye macho, toboa tundu kwenye pingili ya katikati ujaze maji, ziba, ulaze ufukie kama vidole vinne, tundu liangalie juu. Fanya masika yakianza. Fukia vipande vitano, visishike vyote usivunjike moyo.

Mwenye uzi
Nafukia vinane.